Shahada Isiyonitoa Darasani: Barua ya Wazi kwa Tume ya Huduma kwa Walimu

Kwa Mwenyekiti, Makamishna na Afisa Mkuu Mtendaji,
Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Nafundisha Sindo, Suba Kusini, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma, na mwaka huu nimerudi chuoni kusomea uzamili katika teknolojia ya elimu. Nawaandikia hadharani kwa sababu ninaloliomba si langu peke yangu. Naomba Tume ilitambue darasa la mwalimu kuwa mahali halali pa kusomea shahada hii, na mwalimu akishahitimu apate njia ya kupanda cheo huku akiendelea kufundisha watoto wale wale.

Habari za masomo yangu zilipoenea sokoni na katika chumba cha walimu, nilipongezwa kwa dhati. Karibu kila pongezi ilifuatwa na swali: "Sasa mwalimu, unatuacha lini?" Wazazi waliniuliza hivyo, na wenzangu vilevile. Walikuwa na haki ya kuuliza. Walimu wa upande huu niliowaona wakipata shahada ya pili, wengi walikwenda kufundisha vyuoni, au kuajiriwa na mashirika Kisumu, au kuchukuliwa ofisini Homa Bay na Nairobi. Anayebaki na chaki mkononi huonekana kama mtu ambaye mambo hayakumwendea vizuri.

Miongozo ya kupanda vyeo ya mwaka 2018 iliongeza uzito wa jambo hili. Zamani mwalimu mwenye cheti cha P1 aliyejisomesha hadi shahada alitarajia kupandishwa daraja kwa shahada hiyo. Mlango huo ukafungwa. Kutoka daraja la B5 hadi D5 sasa kuna miaka ya utumishi, tathmini, mahojiano na idadi ya nafasi zilizopo, na kadiri unavyopanda ndivyo vyeo vinavyozidi kuwa vya usimamizi: mwalimu mwandamizi, naibu, mwalimu mkuu. Naielewa sababu yake. Hazina ya taifa haiwezi kulipia kila cheti kinacholetwa mezani, na zipo shahada zilizosomwa ambazo hazikumfaa mtoto hata mmoja. Siwaombi mrudishe utaratibu wa zamani. Nawaomba mtazame fani moja ambayo nchi yetu imeitumia fedha nyingi sana huku ikiwekeza kidogo mno katika watu wanaoielewa.

Mwaka 2013 serikali iliahidi kila mtoto anayeingia darasa la kwanza kipakatalishi. Kufikia 2016 ahadi hiyo ilikuwa imegeuka kuwa Mpango wa Elimu ya Kidijitali, na vishikwambi vikaanza kusambazwa. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, pamoja na projekta, seva ya kuhifadhia masomo na kipakatalishi cha mwalimu. Nyaya za umeme zilivutwa hadi shule ambazo hazikuwahi kuwa na taa. Kazi hiyo haikuwa ndogo, na watu wa vijijini hatupaswi kuidharau. Mtoto wa mvuvi aligusa kioo akaona herufi ikijichora mbele yake kama mtoto wa Nairobi alivyoona.

Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, katika shule nyingi nchini, vifaa hivyo vilikuwa vimefungiwa makabatini. Magazeti yameandika habari hizo mara kwa mara. Betri zilikufa. Masomo yaliyowekwa ndani yalikuwa ya mtaala wa 8-4-4, na mwaka 2019 Mtaala wa Umilisi ukaingia katika gredi za chini. Mafunzo ya walimu yalikuwa mafupi. Walimu wakuu waliogopa kuulizwa kuhusu kifaa kilichopotea au kuvunjika, na ukiwa na hofu ya namna hiyo, kabati lenye kufuli ndilo mahali salama kuliko pote. Mimi sikumlaumu mwalimu mkuu yeyote kwa hilo, wala simlaumu leo.

Swali lililonikaa moyoni lilikuwa la ufundishaji. Nikiwa na watoto sitini na vishikwambi vya kuwatosha nusu yao, nifanye nini dakika kumi za kwanza? Nani ashike, nani aangalie, nani aeleze? Mtoto anayejua jibu la kwenye kioo lakini hawezi kuliandika daftarini amejifunza nini hasa? Nilitafuta mtu wa kumuuliza katika kaunti ndogo yetu. Wapo maafisa wa mitaala wenye bidii, tunaowaita CSO, lakini kila mmoja ana shule nyingi na bodaboda moja. Mafundi wa kutengeneza vifaa walikuwepo. Mtu aliyesomea jinsi mtoto anavyojifunza kwa kutumia chombo hicho sikumpata.

Wengine wamelipia somo hili kabla yetu. Nchini Peru serikali iligawa vipakatalishi vya mradi wa One Laptop per Child katika shule za vijijini. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi katika shule 319: watoto walitumia kompyuta zaidi kuliko zamani, ila alama zao za hisabati na za lugha hazikupanda kuliko za wenzao ambao hawakupewa. Hapa kwetu tuna mfano wa upande wa pili. Mpango wa usomaji wa Tusome, ulioanza 2015, uliwapa CSO vishikwambi vya kutumia wanapoketi nyuma ya darasa kumwangalia mwalimu akifundisha kusoma. Mtoto hakukabidhiwa kifaa, alikabidhiwa kitabu chake mwenyewe, na mwalimu akapata mtu wa kumwambia baada ya kipindi, "Hapa ulikwenda haraka, pale uliwaacha wa nyuma." Nauli ya afisa ilitegemea ziara iliyothibitishwa na kishikwambi chenyewe. Usomaji wa watoto uliboreka. Kwangu mimi mwenye kubeba uzito ni yule mtu wa nyuma ya darasa, mwenye ujuzi na wakati. Kifaa kilimsaidia tu afike na akumbuke alichokiona.

Ndiyo maana nimerudi kusoma. Nataka kuwa mtu huyo katika kanda yetu, nikiwa bado mwalimu wa Gredi ya 5.

Mkitaka kujua kwamba utafiti mzito waweza kufanywa huku ziwani na kuzaa matunda, nendeni Mbita, mwendo mfupi kutoka hapa. Taasisi ya icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ina kituo chake pale. Wakulima wetu walikuwa wakipoteza mahindi kwa wadudu wanaotoboa mabua na kwa gugu lenye maua ya zambarau, kayongo, linalofyonza mizizi. Wanasayansi wa icipe na wenzao wakapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nyasi ya nepia kuzunguka shamba: desmodiamu humfukuza nondo wa wadudu hao, nepia humvutia nje. Uwezo wa desmodiamu wa kulidhibiti kayongo uligunduliwa palepale Mbita, katika udongo huu tunaoulima. Mbinu hiyo, inayojulikana kama push-pull, leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika. Hakuna aliyemwambia mkulima wa Suba aache shamba lake ndipo ashiriki katika sayansi. Shamba lake ndilo lililokuwa maabara. Basi darasa la Sindo nalo laweza kuwa hivyo.

Wala ziwa letu si geni katika mambo ya elimu na teknolojia. Eneza Education, huduma iliyowawezesha wanafunzi kufanya mazoezi ya masomo kwa ujumbe mfupi kupitia simu ya kawaida isiyo na intaneti, chimbuko lake ni kazi iliyofanywa na walimu Muhuru Bay, kaunti ya Migori. Walimu wale waliona kwamba simu ndogo ya tochi iko karibu kila nyumba hata pale ambapo kitabu hakipo, wakaanzia hapo. Kisiwani Mfangano, kituo cha Ekialo Kiona kilifungua chumba cha kompyuta zinazotumia nguvu za jua, na vijana wakapewa nafasi ya kuzitumia bila malipo kwa sharti la kupima virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi sita. Kituo hichohicho kina redio inayotangaza kwa Olusuba. Katika yote haya walishiriki watu walioijua shida ya mahali pao kwa kuishi nayo.

Olusuba nakitaja kwa makusudi. Ni lugha ya mababu wa wengi wetu hapa, na UNESCO inaihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Nyumbani watoto wangu wa darasani huzungumza Dholuo, shuleni Kiswahili na Kiingereza, na bibi wa baadhi yao bado wanakijua Olusuba kilichokamilika. Nimewahi kuwatuma watoto wakarekodi kwa simu ya mzazi majina ya samaki, ya pepo za ziwani na ya vyombo vya jikoni kama bibi anavyoyataja, kisha tukayasikiliza darasani na kuyaandika. Mtoto ambaye husema maneno matatu kwa wiki alisimama akaeleza tofauti ya pepo mbili ambazo mimi mwenyewe sikuzijua. Mtaala unasema mtoto wa gredi za chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi. Hakuna programu ya kununuliwa Nairobi itakayoyaunganisha mambo hayo mawili kwa ajili ya Suba Kusini. Yataunganishwa na mwalimu aliyesomea kazi hiyo na anayelijua ziwa.

Sasa niseme kinachotukwamisha.

Cha kwanza ni kalenda. Vyuo vyetu vimezoea tangu zamani kuwapokea walimu wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Utaratibu huo umewasomesha maelfu. Lakini likizo hizohizo ndizo zinazotumika kwa mafunzo ya mtaala mpya na kwa kazi za mitihani, na taarifa mara nyingi hutoka siku chache kabla. Miaka ya 2021 na 2022, muhula ulipofupishwa ili kufidia wakati uliopotea shule zilipofungwa Machi 2020, likizo zilikaribia kutoweka na wenzetu wengi wakaahirisha masomo. Baadhi yao hawakurudi. Tume ikitangaza tarehe za mafunzo mwanzoni mwa mwaka, mwalimu anayesoma ataweza kupanga na chuo chake. Hilo halihitaji shilingi.

Cha pili ni gharama inayolipwa mara mbili. Septemba 2021 mlipozindua mafunzo ya kuendeleza taaluma, TPD, mwalimu alitarajiwa kupitia moduli sita, kila moja ikichukua miaka mitano, na alipie mwenyewe. Lengo lake nalikubali: daktari husoma maisha yake yote, na mwalimu afanye vivyo hivyo. Lakini mwalimu aliye katika uzamili wa fani ya ufundishaji, anayeandika kazi kila wiki, anayeangaliwa akifundisha na kutetea utafiti wake mbele ya jopo, kwa nini masomo hayo yasihesabiwe kuwa sehemu ya moduli zake? Karo ya chuo inakatwa kwenye mshahara uleule unaolipa ada ya sekondari ya watoto wake. Naomba masomo haya yapewe alama katika TPD, kwa masharti mtakayoyaweka ninyi wenyewe.

Cha tatu ni uhamisho. Utafiti wa darasani unahitaji mwaka mzima na watoto walewale. Mwalimu akihamishwa katikati ya muhula wa pili, data yake imekufa na mwaka wa karo umekwenda. Anayesoma kwa kibali na aliyesajili utafiti wake shuleni aachwe pale mpaka amalize, isipokuwa kuwe na sababu kubwa.

Kuhusu mtandao na umeme sitasema mengi, maana si mambo ya Tume. Usiku umeme ukikatika naandika kwa simu, na asubuhi natuma kazi kutoka mahali penye mawimbi mazuri kabla ya gwaride. Wenzangu wa visiwani wana hali ngumu kuliko yangu. Tunavumilia, na tutaendelea kuvumilia, mradi tunachokisoma kiwe na mahali pa kukaa baada ya kuhitimu.

Hapo ndipo penye ombi langu kubwa. Naomba kianzishwe cheo cha mwalimu mshauri wa ufundishaji ndani ya darasa, mmoja kwa kila kanda, mwenye vipindi vichache kidogo kuliko wenzake na siku moja kwa wiki ya kuzitembelea shule jirani. Asiwe msimamizi wala mkaguzi. Awe mwalimu ambaye darasa lake liko wazi, wenzake waingie waone anavyofanya na wakikosoa akosolewe. Mshahara wake upande kama unavyopanda wa naibu wa mwalimu mkuu.

Jambo hili lina mizizi katika nchi yetu. Mwaka 2001 Wizara ya Elimu ilipoanza mpango wa kuwaendeleza walimu wakiwa shuleni mwao, SbTD, kila shule ilikuwa na walimu wa kutegemewa katika hisabati, sayansi na Kiingereza, waliosoma kwa moduli zilizochapishwa huku wakiendelea kufundisha, kisha wakawafundisha wenzao. Maelfu kwa maelfu walipitia mpango huo. Nyuma zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1960, kitengo cha masomo kwa njia ya posta cha Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kule Kikuyu, kiliwasomesha walimu wa vijijini kwa barua na redio ili wapande kutoka daraja la P3. Walisomea vibatari, wakapeleka majibu posta, na asubuhi wakaingia darasani. Wengi wa waliotufundisha sisi kusoma na kuandika walifundishwa hivyo. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992. Sisi tulipata chetu, Chuo Kikuu Huria cha Kenya pale Konza, mwaka 2023. Tulichelewa, lakini tumefika, na pamoja nacho kuna Tom Mboya pale Homa Bay, Rongo upande wa Migori, Jaramogi Oginga Odinga ng'ambo ya feri huko Bondo, na Maseno yenye masomo ya mtandaoni. Mwalimu wa Sindo hana tena sababu ya kuhama ili asome. Kilichobaki ni kuondoa sababu ya kuhama akishasoma.

Kuna jambo jingine dogo ambalo Tume inaweza kulisemea kwa vyuo. Mtafiti kutoka mbali huja na kibali chake cha utafiti kutoka NACOSTI, hukaa wiki mbili, hutujazisha hojaji, huondoka, na tasnifu yake inalala kwenye rafu ya maktaba ambayo mzazi wa Sindo hataiona kamwe. Mwalimu anayesomea darasani kwake atakiwe kurudisha matokeo kwa wazazi na wenzake, kwa Kiswahili au Dholuo, katika mkutano wa shule, kabla ya kuvaa joho. Wazazi wetu ni watu wanaojua kuuliza. Anayenunua omena alfajiri kwa bei inayobadilika kabla jua halijapanda ataelewa upesi kama ulichomfanyia mtoto wake kina faida.

Nikishapata idhini ya chuo na ya shule, utafiti wangu utaangalia jinsi watoto wa Gredi ya 5 wanavyojifunza sehemu na vipimo wanapotumia simu moja kwa kundi la watu watano: wanapima omena kwa gorogoro na kwa mizani, wanapiga picha, wanarekodi maelezo yao, kisha wanasikiliza kundi jingine na kusahihishana. Nataka kujua kama mtoto asiyeshika simu hujifunza sawa na anayeishika, na mwalimu afanye nini asipojifunza. Ni swali dogo, ila kila shule yenye vifaa vichache na watoto wengi inalo.

Ninamwalika Mkurugenzi wa Tume katika kaunti yetu, pamoja na CSO wa kanda, waje katika muhula wa kazi hiyo waketi nyuma ya darasa kipindi kizima. Baadaye tukutane na walimu wa shule jirani, nao wawaeleze wenyewe kama wangependa cheo hicho kiwepo na wangependa apewe mtu wa namna gani.

Wenu katika kazi ya watoto,
Mwalimu wa Gredi ya 5,
Sindo, Suba Kusini,
Kaunti ya Homa Bay.